Wingi wa Kipilefti

Saa mbili usiku, Chiromo, jengo la hisabati.
Ekal, mlinzi, keshapita mara mbili
kuniuliza kama nina kwetu.
Ninaifunza mashine kufananisha.

Naanza na chepesi:
kiti kwa viti, kama kijiko kwa —
vijiko, yajibu, hata sijainua kidole.
Basi naiandikia kanuni jinsi Wafubwa anavyozipenda,
kavu, zisizo na shangazi wala mjomba:
kwa kila x, ikiwa x yaanza na ki,
basi kuna y, na y yaanza na vi,
na kinachobaki nyuma hakibadiliki.
Inaimeza. Inanipa Vibera. Inanipa Visumu.
Inanipa viu kwa kiu,
vila kwa kila,
na chini ya kila upuuzi uthibitisho wake,
umenyooka kama rula.

Ongeza masharti, asema Wafubwa.
Naongeza. Isipokuwa jina la mahali.
Isipokuwa, isipokuwa,
hadi ubao wajaa kama daftari la madeni ya duka
na kanuni yenyewe siioni tena.

Baba hakuwa na masharti.
Karakana yake ilikuwa Barabara ya Kirinyaga,
futi kumi kwa nane, pamoja na kivuli.
Mgeni fulani, zamani, alileta bati la kukinga tope
akalitaja kwa lugha yake;
mafundi wakasikia ma, wakajua ni mengi,
wakaing'oa ma.
Likabaki digadi. Moja.
"Lete digadi la kushoto, Syombua,"
nami nililileta, na lilienea.

Nani aliwapa ruhusa?
Kitabu kilitoka Uarabuni na ki yake mwilini,
mfupa, si kiambishi;
mtu akauona ule mfupa akadhani ni kofia,
akaivua, akalivika neno nyingine,
na leo rafu za maktaba zimebeba vitabu
juu ya kosa lile.
Kipilefti nacho: amri tu ya barabarani, shika kushoto,
ikaviringika, ikapandwa nyasi, ikawa kitu,
na Jumatatu asubuhi, gari limezimika,
utavilaani vipilefti vyote vya mji huu
kwa wingi ulio sahihi.

Nayaandika haya kwa alama, yanagoma.
Hitimisho halitoki ndani ya madokezo.
Linaruka.
Mashine imesimama ukingoni yadai daraja,
nami sina daraja,
nina watu tu waliokwisha kuvuka.

Wafubwa alinipigia saa moja na nusu, mdomo umejaa chapati:
usilinganishe vitu, linganisha wanavyoshikana.
Nikajaribu.
Spana kwa nati, kama swali kwa —
jibu, ikasema.
La.
Swali halizungushi jibu.
Baba angesema: mtu.
Mtu mkaidi, aliyeshika kutu,
unamzungusha taratibu, unatia mafuta kidogo,
usimvunje.

Karakana ilifungwa Machi.
Sasa wanauza vioo vya simu pale,
na sakafu bado ina doa jeusi
lenye umbo ambalo sijalipatia mfano.

Ndipo nikaandika, sijui kwa nini, sikuwa na kanuni yake:
Kithome kwa karakana,
kama Syombua kwa —

Kishale kinapepesa.
Feni yake yavuma, yatafuta,
yaingia kila sharti nililoliandika, yatoka mikono mitupu.
Kisha mstari ambao si wangu,
huenda Wafubwa aliupachika jana bila kuniambia:
Hakuna uthibitisho. Je, nikisie?

Kidole changu ki juu ya N.

Mlango wafunguka, tochi kwanza, halafu Ekal.
Atazama meza zote sita, mimi, meza tena.
"Madam, nafunga geti.
Umezima vibodi?"